Je, wajua kwa nini mwanafalsafa Socrates alisema hakuna atendaye ubaya kwa kupenda?

Daktari anayajua madhara ya sigara kuliko wagonjwa wake wote, na jioni anavuta. Mwingine anajua fika kwamba mkopo ule utamtesa, na bado anatia saini. Waulize, nao watakujibu: "Najua, lakini..."

Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, mjini Athens, Socrates alilikataa jibu hilo. Alishikilia kwamba anayejua kweli lililo jema hulitenda. Aliyetenda baya hakujua, ila alidhani anajua.

Hata watu wa mji wake waliliona dai hilo kuwa la ajabu. Mwaka 431 KK, Socrates akiwa anakaribia umri wa miaka 40, Euripides alileta jukwaani mjini humo tamthilia ya Medea, mwanamke aliyeachwa na mumewe Jason. Kabla ya kuwaua wanawe mwenyewe ili kumkomoa baba yao, Medea anasema anauelewa ubaya wa jambo analokwenda kulitenda, ila hasira imeyashinda mawazo yake. Hali hiyo ndiyo hasa ambayo Socrates alisema haipo.

Sasa mtu mwenye akili kama yake alifikaje huko?

Yeye mwenyewe hakuandika kitu. Tunamfahamu kupitia wengine, hasa mwanafunzi wake Plato, aliyeandika majadiliano ambamo Socrates ndiye muulizaji. Humo utamkuta akirudi kila mara kwa mafundi: fundi viatu, nahodha, tabibu. Watu hawa wanajua kazi yao ni ya nini, na wanaweza kueleza kwa nini wanafanya hivi na si vile. Socrates akajiuliza: kama kushona kiatu kunahitaji ujuzi, kuishi vizuri kutakosaje kuuhitaji? Basi akawafuata waliosifiwa kwa ushujaa, uadilifu au uchaji, akawataka waeleze mambo hayo ni nini. Katika jadiliano moja anawauliza majemadari wawili, Laches na Nicias, maana ya ushujaa. Wote wawili wanakwama. Na hakuwa mtu wa maneno tu: Laches mwenyewe anamsifu kwa jinsi alivyojikaza jeshi la Athens liliporudi nyuma kutoka Delium mwaka 424 KK.

Hoja yenyewe imo katika jadiliano lake na Protagoras, mwalimu mashuhuri wa zama hizo. Watu husema fulani alijua jema lakini akashindwa na raha. Socrates anauliza: ameshindwaje? Kila mtu anajitakia mema. Kama amechagua raha ndogo ya leo na kupata maumivu makubwa ya kesho, basi amekosea hesabu. Kitu kilicho karibu huonekana kikubwa, na kile kile kikiwa mbali huonekana kidogo. Raha na maumivu nayo hutuhadaa hivyo hivyo. Kitakachotuokoa ni ujuzi wa kupima, na aliyekosea alikosa kipimo hicho. Kwa hoja hiyo, "najua" ya yule daktari ni maneno ya mdomoni, kwa sababu wakati anawasha sigara, madhara yake ameyaona madogo.

Mimi naona hoja hii ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, lakini ilizaa swali gumu. Kama fadhila, yaani tabia njema, ni maarifa, walimu wake wako wapi? Swali hili lipo katika jadiliano na Meno, kijana kutoka Thessaly. Socrates anamtaja Themistocles, kiongozi mkubwa wa Athens, aliyemfunza mwanawe Cleophantus hadi akaweza kusimama wima juu ya farasi na kurusha mkuki, lakini hakuna aliyewahi kusikia kwamba kijana huyo alikuwa na hekima ya baba yake. Anamtaja pia Pericles na wanawe wawili. Je, wakubwa hawa waliwanyima watoto wao kitu bora kuliko vyote? Mwanasiasa Anytus, aliyekuwepo hapo, anakasirika na kumwonya Socrates awe mwangalifu asiwaseme watu vibaya. Mwaka 399 KK Anytus huyo alikuwa mmoja wa watu watatu waliomshitaki Socrates, na Socrates akahukumiwa kunywa sumu.

Katika jadiliano hilo hilo na Meno ndimo tunamofahamu Socrates alimaanisha nini alipotaja maarifa. Anasema mtu mwenye rai sahihi kuhusu njia ya kwenda mji wa Larissa atafika, hata kama hajawahi kuipita. Tatizo la rai ni kwamba haitulii. Hutoroka nafsini mpaka ifungwe kwa kuelewa sababu zake. Ikishafungwa ndipo inakuwa maarifa. Kwa kipimo hicho, mengi tunayosema tunayajua ni rai ambazo bado hazijafungwa.

Plato mwenyewe hakuishia hapo. Katika kitabu chake kuhusu dola ya haki anasimulia habari za Leontius, aliyekuwa akipanda kutoka bandari ya Piraeus akaona maiti karibu na mnyongaji. Alitamani kutazama, na papo hapo akachukizwa. Alipigana na nafsi yake, akajifunika uso, mwisho akashindwa. Akazikimbilia akiwa ametoa macho, huku akiyaambia macho yake yashibe. Plato anaitumia habari hii kuonyesha kwamba nafsi ina sehemu tatu, yaani akili, ghadhabu na matamanio, na kwamba zinaweza kugombana. Hapo mlango ulikuwa umefunguka: akili yaweza kuona sawa, na mtu bado akavutwa kwingine.

Aliyeliingia swali hili kwa undani zaidi ni Aristotle, aliyezaliwa Stagira mwaka 384 KK, miaka 15 baada ya kifo cha Socrates, na kusoma katika chuo cha Plato kwa takriban miaka 20. Anasema waziwazi kwamba dai la Socrates linapingana na mambo tunayoyaona kila siku. Kwake tabia njema hujengwa kwa kutenda. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, tena tangu utotoni. Wanaodhani watakuwa wema kwa kujadili wema anawafananisha na wagonjwa wanaomsikiliza tabibu kwa makini, kisha wasifuate hata agizo moja.

Lakini soma anavyomweleza mtu anayeshindwa na tamaa. Mtu huyo, anasema, anajua kama mlevi anavyoijua mistari ya mshairi Empedocles anayoikariri: maneno yote yapo, ila kwa wakati ule uelewa haupo. Au ni kama mwanafunzi mgeni anayeunganisha maneno ya somo ambalo bado halijawa sehemu yake. Kisha Aristotle anakiri kwamba hapo tumefika karibu na pale Socrates alipotaka kufika, kwani kinachoburutwa na tamaa si maarifa kamili. Watu wengi huwaeleza wawili hawa kama mahasimu na kuuruka ukiri huo. Nadhani wanakosea. Aristotle hakubishana sana na Socrates juu ya maarifa ni nini. Alichokataa ni kwamba maswali na majibu pekee yanatosha kumfikisha mtu huko.

Ndiyo maana kitabu chake cha maadili, baada ya sura nyingi kuhusu fadhila, kinamalizia kwa kuzungumzia sheria. Anasema hoja peke yake haiwezi kuwafanya walio wengi kuwa wema, kwa hiyo vijana wanahitaji kulelewa chini ya sheria nzuri, na anayetaka kuwafanya watu kuwa bora inampasa ajifunze kutunga sheria. Kutoka hapo anaingia moja kwa moja katika siasa.