Damu Tundu Moja la Pua: Maswali ya Wafuga Mbwa Tabora

Mbwa wangu ana miaka tisa. Wiki ya tatu hii anapiga chafya, na damu inamtoka tundu la kushoto tu. Jirani yangu hapa Isevya anasema ni kupe. Kweli?

Huenda, mama, ila hilo "kushoto tu" linanitia shaka. Ugonjwa wa kupe huharibu ugandaji wa damu mwilini mzima, kwa hiyo mara nyingi damu hutoka pande zote mbili na fizi hupauka. Upande mmoja usiokoma mara nyingi maana yake kuna kitu ndani: mbegu ya nyasi iliyonasa, jipu la mzizi wa jino, au uvimbe. Asubuhi, msogezee puani kifuniko cha sufuria kilichopoa. Tundu lililo wazi huacha ukungu kidogo, lisiloacha limeziba. (Kama amebadilika tabia na anatokwa udenda, usimguse, huenda ni kichaa cha mbwa.)

Basi ni saratani?

Kwa umri huo, ni ya kuifikiria. Saratani ya pua ni adimu kwa mbwa, lakini uvimbe wa humo ukitokea, mara nyingi ni ule mbaya. Hula mfupa polepole: uso unavimba juu ya pua, jicho linasukumwa nje, na ukifika ubongoni degedege huanza. Tochi haitoshi. Lazima kinyofolewe kipande kipimwe maabara.

Inatibika?

Inategemea ni ipi. Ile ya mbwa wazee hutibiwa kwa mionzi. Kisu peke yake husaidia kidogo, na wasiotibiwa wengi hawavuki miezi michache.

Lakini mbwa wetu wanaozurura wana nyingine, saratani ya kuambukizana kwa kupandana. Hakuna kirusi hapo. Seli za uvimbe zenyewe ndizo zinazohama. Dume akinusa na kulamba jike mgonjwa, zinaota puani. Hii huonekana hata kwa mbwa kijana, na wengi hupona kabisa kwa vinkristini, dawa ya saratani, sindano moja kwa wiki, kwa kawaida 4 hadi 6. Ni ya mshipani na ya daktari tu, kwani ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Ndiyo maana hunikera mtu anapomuua mbwa kwa kuona damu tu, kabla seli hazijaangaliwa kwenye darubini.

Sisi wa Urambo tuna mabani, vibanda vya kukaushia tumbaku. Moshi unahusika?

Moshi wa sigara ndani ya nyumba umehusishwa na ile saratani ya pua ya mbwa wazee, hasa kwa mbwa wa pua ndefu. Wa bani ni moshi wa kuni, sitausingizia. Lakini mbwa asilale humo.

Nimpe diklofenaki apunguze maumivu?

Hapana, baba. Humtoboa tumbo na kumharibu figo. Mwambie daktari wa mifugo ampe dawa ya maumivu iliyo ya mbwa, kwa kipimo cha uzito wake.