Gari lisilotoa moshi nalo linachafua: hesabu ni ya lita

Tangu watu wengi waanze kufunga mfumo wa gesi asilia kwenye magari, ofisi yetu inapokea maswali kila wiki, na mengi yanaanza na maneno yaleyale: "Gari langu halitoi moshi." Wanaouliza wana nia njema na tunawashukuru. Hata hivyo, jambo hili linahitaji kunyooshwa. Hewa ukaa, gesi inayotoka mafuta yanapoungua na kuongeza joto la dunia, haina rangi wala harufu. Moshi mweusi ni masizi, dalili kwamba mafuta hayaungui vizuri. Masizi hayo yanaumiza mapafu na yanachangia joto, lakini si kipimo cha gesijoto zote (hewa ukaa na nyingine zinazoongeza joto la dunia) zinazotoka kwenye gari lako.

Kila lita ya petroli inayoungua hutoa takribani kilo 2.3 za hewa ukaa, na kila lita ya dizeli takribani kilo 2.7, liwe gari la juzi au la zamani. Masega ya ekzosi, yaani kichujio kilichomo kwenye bomba la moshi, hayaiondoi hewa ukaa. Kazi yake ni kupunguza gesi nyingine zenye sumu, na anayeyang'oa ili ayauze anawaachia sumu hiyo wanaoishi na kufanya biashara kando ya barabara. Tabia hiyo iachwe.

Kwa hiyo hesabu ni ya lita. Gari jipya la kifahari linalokunywa lita 14 kwa kilomita 100 linachafua hali ya hewa kuliko kigari cha miaka mingi kinachokunywa lita 6. Filta ya hewa iliyoziba, plagi zilizochoka, nozeli zinazovuja, matairi yenye upepo pungufu, injini kuachwa ikiunguruma nusu saa stendi huku kondakta akiita abiria: zote hizo ni lita.

Mwaka 2021 Tanzania iliwasilisha Umoja wa Mataifa mchango wake wa kitaifa, yaani ahadi yake ya kukabili mabadiliko ya tabianchi, ikilenga kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua zozote. Usafiri umo. Treni ya umeme ya SGR inayobeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma tangu 2024 ni sehemu ya kazi hiyo, na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 linaifanya treni hiyo iwe na maana zaidi, kwa sababu umeme wa maji hauchomi mafuta. Mabasi ya mwendokasi nayo yapo tangu 2016. Malalamiko ya abiria kusubiri muda mrefu vituoni tunayasikia na ni ya haki: basi lisipofika, mtu hurudi kwenye gari lake au hupanda bodaboda. Wanaotuambia kwamba wachafuzi wakubwa ni nchi tajiri hawajakosea pia. Ila mafuta yote tunayochoma tunayaagiza kwa fedha za kigeni, na ukame na mafuriko havituulizi nani alianza.

Sasa gesi. Kwa nishati ileile, gesi asilia hutoa hewa ukaa pungufu ya petroli kwa karibu moja ya tano. Faida hiyo ni ya kweli ikiwa mfumo hauvuji. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto takribani mara 28 ya hewa ukaa. Zikivuja kilo 3 tu katika kila kilo 100 unazojaza, faida yote imekwisha.

Ndiyo maana tunasisitiza utaratibu. Kabla ya kufunga, injini ipimwe. Injini mbovu haiponi kwa kubadilishiwa mafuta. Nenda kwenye karakana inayotambulika; Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtungi: mtengenezaji, namba yake, shinikizo la kazi (kwa kawaida baa 200), tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Mtungi usio na maandishi hayo usiupokee, hata ukipewa bure. Maungio yote yapimwe uvujaji mbele yako. Dai cheti chenye namba ya mtungi na namba ya chesesi, kitunze pamoja na kadi ya gari, na uijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi. Na tunarudia, kwa kuwa bado tunaulizwa: mtungi wa gesi ya kupikia haufungwi kwenye gari wala bajaji. Haukutengenezwa kustahimili baa 200, na hakuna kulehemu kutakakoubadilisha.

Kuhusu adhabu: gari bovu barabarani ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kila kosa, na kwa bodaboda na bajaji ilishushwa hadi shilingi 10,000 mwaka 2021. Angalia maneno "kwa kila kosa": taa mbovu na matairi yaliyokwisha ni makosa mawili, na faini ni mbili. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba, si mkononi.

Jambo la mwisho halizungumzwi kabisa gereji. Kiyoyozi cha magari mengi kina gesi ya R134a, yenye nguvu ya kupasha joto takribani mara 1,300 ya hewa ukaa. Fundi akifungua bomba na kuiachia nusu kilo ipotee hewani, ni kama umechoma karibu lita 280 za petroli kwa dakika chache. Dunia ilikubaliana kupunguza gesi za aina hii kupitia Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016. Zipo mashine za kuinyonya na kuihifadhi. Muulize fundi kama anayo kabla hajashika spana. Kama hana, peleka gari kwa mwenye nayo.