Hewa kavu ikiingia, ziwa haliendi likizo

Kila mwaka vuli zikishakatika, lawama kwetu watabiri wa hali ya hewa huwa ni ile ile: "Si mlisema hewa kavu inaingia? Mbona jana imenyesha?" Mwaka huu imenifikia kutoka Kondele, kutoka Ahero, na hata kutoka kwa shemeji yangu wa Nakuru, ambaye tangu Krismasi hajaona tone ila anatucheka kwa niaba ya watu wa Kisumu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Hewa kavu ni kaskazi, hilo mnalijua. Ukanda wa mvua umeshuka kusini ya ikweta, upepo unatoka pande za Uarabuni na Pembe ya Afrika, na hadi utufikie unyevu wake ni haba. Tusonge mbele. Kosa ni kudhani kwamba hewa hiyo hujaa kutoka ardhini hadi juu, kama maji yanavyojaa ndooni. Haijai. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Victoria lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na ziwa hilo hutoa mvuke Januari kama linavyotoa Aprili. Mvuke unabaki chini, kaskazi inapita juu yake.

Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo wa ziwa unaanza kuvuma kuelekea Nyando, Nandi na Kericho. Kule kwenye miinuko unakabiliana na upepo wa mashariki. Hewa ikikosa pa kupita, inapanda. Kufikia saa tisa mawingu yamesimama juu ya Nandi, kisha upepo wa juu unayasukuma magharibi, yaani huku kwetu, na jioni tunalowa. Usiku mambo yanageuka: pepo za nchi kavu zinakutana juu ya maji, na ngurumo zinawakuta wavuvi alfajiri huku mjini mbingu ikiwa nyeupe. Nakuru iko upande wa pili wa milima ya Mau, unyevu wa ziwa haufiki kirahisi msimu huu, ndiyo maana shemeji anakula vumbi. Utabiri ni mmoja, nchi ni mbili.

Ila linalonikera kabisa ni hili, na hata wenzangu kazini hulipitia mbio. Mvua ikipungua, watu husikia kwamba hatari imepungua. La hasha! Matone yakianguka kupitia hewa kavu, mengi hugeuka mvuke njiani. Kugeuka mvuke hunyonya joto, hewa inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka kwa kishindo na kutawanyika ardhini kabla mvua yenyewe haijafika. Kipimamvua kinaweza kuonyesha milimita 5 tu huku mabati ya jirani yako yako barabarani. Mawe ya barafu nayo hupona kuyeyuka katika hewa hiyo iliyopoa, na wakulima wa chai wa Kericho na Nandi hawahitaji mimi kuwaeleza mvua ya mawe ni nini. Kwa hiyo dhoruba za msimu huu ni chache, lakini zina hasira.

Mama mmoja anayeanika omena, yaani dagaa wa ziwani, pale Dunga aliniuliza swali la maana kuliko yote: "Mwanangu, nianike au nisianike?" Omena ikilowa ikiwa nusu kavu inaharibika, na inaishia kuuzwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Nikamwambia: anika mapema, saa nane angalia upande wa Nandi, saa tisa uwe umekunja nyavu. Akaniuliza kama ni lazima itanyesha. Hapo ndipo elimu yangu inapoishia. Modeli nyingi za kompyuta tunazotabiria hugawa nchi kwa miraba mikubwa inayosawazisha ukuta wa Nandi ukawa mteremko mpole, na vipimamvua ni vichache kiasi kwamba wingu linaweza kumwaga kati ya Kibos na Ahero bila kimoja kulowa. Zipo asubuhi mbili zenye vipimo vile vile vya joto na unyevu: moja inazaa radi, nyingine inazaa jua. Vitabu vina mishale mizuri ya kueleza hayo baadaye. Mimi ninapoandika "maeneo machache" sikwepi swali. Ndilo jibu lote nililo nalo.

Na kuna siku ambazo hata kaskazi yenyewe inasukumwa kando. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa karibu na Madagaska, upepo wa magharibi uliingia Afrika Mashariki na hewa yenye unyevu ya upande wa Kongo, na mvua ikazidi. Dalili yake hapa mjini si ngumu. Kwa kawaida saa moja asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukiona saa hiyo unatoka ziwani, na tena umekaza, acha omena ndani ya gunia.