Alama ya mkopo: mashine inapoamua nani akopeshwe

Alama ya mkopo ni namba inayokisia uwezekano wa mtu kulipa deni kwa wakati. Zamani kisio hicho kilikuwa kazi ya afisa wa benki, akiwa na stakabadhi za mshahara, hati ya kiwanja na jina la mdhamini mezani. Katika mikopo ya simu kazi hiyo inafanywa na akili mnemba kwa sekunde chache. Programu inapitia pesa zinavyoingia na kutoka, laini imetumika kwa muda gani na madeni ya nyuma yalilipwa siku gani, kisha inakulinganisha na wakopaji waliokutangulia. M-Shwari, huduma ya kuweka akiba na kukopa kupitia M-Pesa iliyoanza Novemba 2012, ndiyo iliyowazoesha Wakenya wengi mkopo wa aina hii.

Suala la haki ya kijamii linaingia mapema kuliko wengi wanavyodhani: linaingia kwenye hesabu, kabla ya nia ya mtu yeyote. Mchukue muuza nyanya wa soko la Kongowea, Mombasa, anayeomba shilingi 2,000 kwa ada ya asilimia 8. Akilipa, mkopeshaji anapata 160. Asipolipa, zinapotea 2,000. Ili kuziba pengo la mmoja, lazima walipe wengine 13. Kwa hiyo mashine iliyoagizwa kulinda faida itamkataa kila mwenye uwezekano wa kulipa ulio chini ya takriban asilimia 93. Sasa waweke wauzaji kumi, kila mmoja na uwezekano wa asilimia 90. Tisa wanalipa, inaingia 1,440. Mmoja anakwama, zinatoka 2,000. Hasara ni 560, na gharama za ofisi bado. Basi wote kumi wananyimwa, ingawa tisa kati yao wangelipa. Hakuna aliyewachukia, na bado wamedhulumika.

Mbona ada isipandishwe tu? Wanauchumi Joseph Stiglitz na Andrew Weiss walilijibu hilo mwaka 1981: bei ya mkopo ikipanda, waangalifu ndio wanaojitoa kwanza, wanabaki walio tayari kubahatisha, na hasara inazidi. Ndiyo maana wakopeshaji huchagua kunyima watu.

Kisha kuna data yenyewe, na hapa Pwani ina mambo yake. Mvuvi hupata vizuri wakati wa kaskazi. Kusi ikivuma na bahari kuchafuka, siku nyingine hata haendi. Mama wa mbaazi na mahamri huuza asubuhi, lakini mwezi wa Ramadhani wateja wake wanahamia jioni. Mashine iliyofunzwa kwa mishahara ya mwisho wa mwezi inaiona mizunguko hii kama dalili ya kuyumba, kumbe ni ratiba inayojulikana na kila mtu mtaani. Mwenye kupokea pesa taslimu haonekani kabisa. Mke anayepokea malipo kwa laini ya mumewe anamjengea mume alama. Na Mwislamu aliyejiepusha na riba maisha yake yote hana historia ya kukopa, hivyo uaminifu wake unasomeka kama ukurasa mtupu. Hata ukiondoa kabila na dini kwenye fomu, mtaa anaoishi mtu unaweza kuvirudisha kwa mlango wa nyuma.

Kosa linalojificha zaidi ni hili: mashine hujifunza kutokana na waliokopeshwa tu. Aliyenyimwa hapati nafasi ya kuonyesha kwamba angelipa, kwa hiyo makisio mabaya juu yake hayasahihishwi kamwe.

Kijana wa Mombasa anayeunda programu ya mikopo anaweza kulitibu. Awakopeshe kiasi kidogo, tuseme shilingi 300, watu 5 kati ya kila 100 waliokataliwa, wakichaguliwa kwa bahati nasibu, apime wangapi wanalipa. Apime mapato kwa msimu mzima badala ya siku 30. Halafu awatazame wale waliolipa, alinganishe wanawake na wanaume, mtaa wa Likoni na wa Nyali: ni wangapi mashine ilitaka kuwakataa? Pengo likiwa kubwa, tatizo liko kwenye mashine. Gharama ipo, na mwekezaji ataiuliza. Aambiwe wazi kwamba huo ndio utafiti wa soko lake.

Mkopaji naye hana mikono mitupu. Mapato ya biashara yapitie laini iliyosajiliwa kwa jina lako, ikiwezekana kwa nambari ya Lipa na M-Pesa, yasichanganyike na matumizi ya nyumbani. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila CRB, yaani kampuni inayotunza kumbukumbu za madeni ya watu. Isome, ukikuta deni ulilokwisha kulipa lipinge kwa maandishi. Kabla ya kukopa, hakikisha jina la mkopeshaji limo kwenye orodha ya Benki Kuu ya Kenya, kwa kuwa kanuni za mwaka 2022 zinamtaka awe na leseni na zinamkataza kukutishia. Ukinyimwa, tumia kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kinachohusu maamuzi yanayofanywa na mashine pekee. Mkopeshaji anaweza kujitetea kwamba mkataba unamruhusu kutumia mashine. Hata hivyo anapaswa kukuarifu kwa maandishi kwamba uamuzi ulifanywa na mashine pekee, nawe unaweza kudai upitiwe upya na binadamu. Akikaa kimya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kuyamaliza.