Je, wajua? Kufutiwa posti na kuzibwa mdomo si kitu kimoja

Posti ikifutwa tu, utasikia "tunazibwa midomo, huu ni udhibiti!" Ukiuliza nani kaifuta unakuta ni admini wa grupu, au ni kampuni yenye mtandao. Hasira naielewa kabisa, maneno yako yakipotea inauma, ila swali la kwanza ni hilo hilo: nani kafuta, na ana nguvu gani juu yako?

Udhibiti ni pale mwenye mamlaka anapoamua jambo fulani lisisemwe wala kusomwa na mtu yeyote kwenye himaya yake, na ukikaidi kuna polisi, mahakama na jela. Uingereza mwaka 1643 bunge liliamuru kitabu kisichapwe bila kibali, mwaka uliofuata mshairi John Milton akaipinga amri hiyo kwa kijitabu Areopagitica, nacho akakitoa bila kibali. Mfumo wa vibali ulidumu mpaka 1695. Na si lazima iwe serikali, Kanisa Katoliki lilikuwa na orodha yake ya vitabu vilivyokatazwa toka 1559 hadi 1966, na zamani zile sehemu nyingi kanisa lilikuwa na nguvu kama za dola.

Usimamizi wa maudhui ni mwenye jukwaa kuweka sheria za hapo kwake, anafuta spamu, matusi, utapeli, picha za utupu, na wewe bado unaweza kwenda kusema yale yale kwingine bila mtu kukugongea mlango usiku.

Marekani walijifunza hili kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1995 mahakama ya New York ilisema kampuni ya mtandao ya Prodigy, kwa kuwa ilikuwa inasafisha majukwaa yake, inabeba lawama ya wanachoandika watumiaji kama vile yenyewe ndo mchapishaji, wakati kampuni mwenzake CompuServe, ambayo haikuwa inasafisha, ilishinda kesi yake mwaka 1991. Yaani anayejitahidi ndo anaadhibiwa! Ndo maana 1996 bunge la Marekani likapitisha kifungu cha sheria kinachoitwa kifungu cha 230, kwamba mtandao usibebeshwe maneno ya watumiaji na usiadhibiwe kwa kuondoa machafu kwa nia njema.

Lakini usimamizi unaweza kuwa mbovu, tena sana. 2016 Facebook walifuta ile picha ya 1972 ya mpiga picha Nick Ut, ya mtoto wa Vietnam anakimbia uchi baada ya shambulio la napalm (mabomu ya moto), wakaiona ni utupu tu, wakafuta mpaka posti ya waziri mkuu wa Norway, Erna Solberg, aliyeirusha kuwapinga, halafu kelele zilipozidi wakairudisha. Hapo kampuni ndo imemfutia kiongozi wa nchi. Kwa mimi huo si udhibiti wa dola, ila mtandao ukishakuwa mkubwa hivyo kumwambia mtu "nenda kwingine" ni jibu jepesi mno.

Pa kuangalia kwa makini zaidi ni pale serikali isipofuta yenyewe, inamnong'oneza mwenye jukwaa afute. Huko Marekani, jimbo la Rhode Island, kulikuwa na tume isiyokuwa na uwezo wa kupiga marufuku kitabu chochote, ilikuwa inawaandikia tu wasambazaji barua za "ushauri", kisha polisi anapita kuuliza umefanya nini, na wasambazaji wakawa wanaviondoa wenyewe. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema huo ni udhibiti hata kama hakuna amri rasmi, na 2024 ikarudia kwa kauli moja kwamba ofisa wa serikali hawezi kutumia vitisho kwa makampuni ili kuadhibu maneno asiyoyapenda.

Kwa hiyo ukifutiwa, dai sababu na dai pa kukata rufaa. Umoja wa Ulaya ulishaweka hilo kwenye sheria yake ya 2022, mtandao ukiondoa posti yako lazima ukupe sababu, na useme pia kama umeifuta kwa kanuni zake wenyewe au kwa sababu ya sheria ya nchi.