Kutoboa mtutu wa bastola ya nyumbani? Mi nakukatalia

Juzi kaja jamaa mmoja anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, simu mkononi, kanionyesha video ya Mmarekani anapiga bastola yenye matundu juu ya mtutu, risasi sita mfululizo na mkono hautingishiki. "Shikamoo mzee, na yangu nitobolee hivi, nalala na hela za watu ndani." Marahaba mdogo wangu, kaa kwanza. Tulikaa karibu saa nzima, na kwa vile si wa kwanza kuniuliza, nimeona niandike hapa ili na wengine msome.

Kwanza matundu yanafanya kazi kweli, anayekuambia ni urembo tu anakosea. Ukifyatua, gesi ya baruti ndiyo inasukuma risasi, na presha yake si ya mchezo, tairi la gari dogo ni kama psi 32 lakini kwenye chemba (pale risasi inapokaa ikifyatuliwa) ya bastola ya 9mm inaweza kufika psi 35,000. Ukitoboa matundu upande wa juu karibu na mdomo wa mtutu, sehemu ya hiyo gesi inatokea juu, na ikitoka juu inausukuma mdomo chini, kwa hiyo bastola hairuki sana na unarudi kwenye shabaha haraka. Glock wenyewe, watengenezaji wa bastola, waliwahi kutoa bastola za 17C na 19C zikiwa na matundu kutoka kiwandani.

Ila jiulize nani anafaidi. Ni mtu wa mashindano, mchana kweupe, kavaa miwani na vizibo vya masikio, mikono kanyoosha, mbele yake karatasi ya shabaha.

Sasa wewe ni saa nane usiku, Buswelu, umeme umekatika, uko kwenye korido ya tofali za sementi, tailizi chini, gipsamu juu. Bastola yoyote inatoa mwako gizani, sikatai, lakini ya kawaida mwingi unatoka mbele, yenye matundu inarusha moto juu, palepale jicho lako linapopita kutafuta saiti, ile alama ya kulengea. Niliwahi kuijaribu moja jioni giza likiingia kwenye uwanja wa shabaha, ule moto ni kama mtu kafungua jiko la gesi kwa fujo, na baada ya hapo nikawa naona madoa tu. Jicho linahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza sawasawa, huyo mwizi hatakusubiri.

Halafu kuna la karibu, hili ndilo linanitisha zaidi. Mtu yuko hatua moja, huwezi kunyoosha mikono, unaibana bastola mbavuni na kufyatua. Gesi ya moto na chembe za baruti zinakuja moja kwa moja kidevuni na machoni, na kama risasi zako hazina koti la shaba basi kingo za matundu zinaweza kukwangua vipande vya risasi na kuvirusha juu pia. Mlio nao, bastola ni kama desibeli 160 wakati kuanzia 140 tu sikio linaweza kuumia kwa mlipuko mmoja, na matundu yanausogeza karibu na uso wako, ndani ya chumba kilichofungwa, mkeo na watoto wako hapohapo.

Na gesi ikipungua, risasi dhaifu inaweza kushindwa kurudisha slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma ukifyatua) vizuri, bastola inakwama. Huku kwetu unanunua risasi iliyopo, huchagui. Kazi ya kusafisha nayo inaongezeka, masizi mpaka kwenye saiti. Na tafadhali usimpelekee fundi wa kuchomelea mageti, silaha yako ina leseni chini ya sheria ya 2015, anayeigusa naye awe na leseni yake.

Nikamwambia yule jamaa atoe magazini, kile kikasha cha risasi, tukahakikisha chemba ni tupu, nikamuomba ashike. Tatizo likaonekana hapohapo, anashika chini sana, mkono wa pili umelegea, lazima iruke. Nikaupandisha mkono mpaka juu kabisa chini ya slaidi, wa pili ukabana. Jumamosi tunaenda uwanjani na risasi 50, na hela ya kutoboa nimemwambia anunue tochi nzuri, maana ana kijana wa miaka 17 anayerudi usiku na kuruka ukuta akikuta geti limefungwa, lazima umjue mtu kabla hujanyoosha mkono.

Wakati anaondoka nikamuuliza bastola inalala wapi. Chini ya godoro, na ana wadogo wawili bado wa chekechea. Nimemwambia kabla ya Jumamosi anitumie picha ya sefu ikiwa imefungwa ukutani na nati, bila hiyo picha hatuendi uwanjani.