Bildi ikifeli, laptopu ikuite

Ukibildi (kugeuza kodi kuwa programu) apu ya Android kwa Gradle, zana ya kubildi, unajua hali ilivyo, unaandika ./gradlew assembleDebug, unaona hii itachukua muda, unahamia WhatsApp, ukirudi unakuta ilishafeli kitambo kisa mabano hayakufungwa.

Dawa ni sauti na wala hupakui kitu kipya. Kila programu ikimaliza kwenye terminali inaacha namba, 0 imepita, nyingine yoyote imefeli, na sheli (programu inayosoma amri zako) inaitunza kwenye $?. Wengi huandika make && sauti1 || sauti2 (make ni amri ya kubildi, ikipita ilie sauti1, ikifeli sauti2), inapendeza ila ina mtego, sauti1 yenyewe ikigoma (labda faili halipo) unasikia sauti2 wakati bildi imepita vizuri tu. Mimi naweka hii kwenye .zshrc ya Mac, faili la setingi za sheli ya zsh:

lia() {
  local mwanzo=$SECONDS
  "$@"
  local hali=$?
  if (( SECONDS - mwanzo > 30 )); then
    local s=Glass
    (( hali != 0 )) && s=Basso
    afplay /System/Library/Sounds/$s.aiff
  fi
  return $hali
}

Halafu ni lia ./gradlew assembleDebug, basi.

Hizo sekunde 30 kwangu ndo roho ya kitu chote. Kitu kinacholia kila dakika utakizima siku hiyohiyo, bora kiongee pale tu ambapo ulishaondoka. Sauti nazo zisifanane hata kidogo, Glass ni nyembamba, Basso nzito, unajua matokeo bila kugeuza shingo. Usiache return $hali, bila hiyo lia make && git push itapushi hata takataka. Na hiyo variabo usiiite status, zsh imelifunga hilo jina.

Linux weka paplay badala ya afplay (hizo ndo zinacheza sauti), sauti zipo /usr/share/sounds/freedesktop/stereo, tumia complete.oga na dialog-error.oga. Ukiwa ndani ya seva ya mbali kwa ssh hizo hazisaidii, zitalia hukohuko kama kuna wa kuzisikia, tumia printf '\a', hiyo kengele inasafiri na maandishi mpaka kwako, ila cheki setingi za terminali maana nyingi huizima.

Skripti yako ya bildi ikipitisha logi kwenye tee (amri inayoonyesha maandishi huku ikiyahifadhi kwenye faili), namba inayorudi ni ya tee, kwa hiyo bildi iliyokufa inaimbiwa Glass! Andika set -o pipefail juu kabisa. GitHub Actions, yaani bildi zinazoendeshwa kwenye seva za GitHub, pia inakubali kwa gh, amri ya GitHub ya terminali: lia gh run watch --exit-status, ukiiacha hiyo --exit-status unarudishiwa 0 hata mambo yakiharibika.